Meza iliyotiwa puti kabla ya wakati: uchambuzi wa kisa

Meza ni ya kuandikia, ya miaka mingi. Uso wake ni mkangazi mtupu wenye unene wa milimita 22. Mbavu zake mbili ni plaiwudi iliyobandikwa vinia, yaani ganda jembamba la mbao, ya mkangazi. Wakati wa kuhama ilipakiwa bila kufunikwa, juu yake yakapangwa masanduku na vyombo vya chuma, na mbele yake ikapitishwa cheni ya kufungia mzigo. Njiani mvua ikanyesha. Iliposhushwa ilikuwa na kasoro tano, na nimeona inafaa kuandikwa kwa sababu kila moja ilitaka dawa yake, na dawa ya moja ingeharibu nyingine kama zingefuatana vibaya.

Katikati ya uso palikuwa na kibonyeo cha mviringo, upana wake kama milimita 20 na kina chake kama milimita 2 pale kilipozama zaidi. Kando yake kulikuwa na kingine kidogo chenye umbo la mwezi mwandamo, alama ya ukingo wa sufuria nzito. Hiki cha pili kilikuwa kimekwisha kujazwa puti ya rangi ya udongo, imepakwa kwa kidole, ikavuka mipaka na kukauka juu ya sehemu nzima. Ukingo wa mbele ulikuwa na mkwaruzo mrefu wa cheni, wenye mistari ya kijivu iliyoelekea weusi. Kona ya kushoto ilinyofoka kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na kipande chenyewe hakikuonekana tena. Kwenye ubavu wa kulia, vinia ilikuwa imebonyea mahali pamoja na kuinuka mahali pengine.

"Fundi, si uzibe tu kwa puti kama hapa, kisha upige vanishi yote mara moja?" mwenye meza aliuliza. Kopo la puti na la vanishi alikuja navyo.

"Mama, puti ni ya kujaza pengo. Hapa pengo liko moja tu, kule konani. Huku kwingine mbao yako yote ipo, imekandamizwa tu."

Hakuridhika sana, na simlaumu. Puti inavutia kwa sababu matokeo yake huonekana papo hapo: unapaka, shimo linajaa. Shida huja baadaye. Puti hainywi rangi kama mbao inavyoinywa, haina vitundu wala michirizi, na mbao inapovimba na kusinyaa kwa unyevu wa hewa, puti haiifuati, hata ukingo wake ukafanya ufa. Kwenye samani ya kupakwa rangi nzito hayo hayana neno. Kwenye mkangazi unaong'arishwa ili mbao yenyewe ionekane, kiraka cha puti huvuta jicho kuliko kibonyeo kilichokuwapo.

Kusoma kasoro kabla ya kuzigusa

Nilizima taa ya darini nikalaza taa ya mkono karibu na uso wa meza, mwanga upite kwa ubavu. Mwanga wa namna hiyo huonyesha kila kilichozama na kila kilichoinuka. Kwenye kibonyeo kikubwa michirizi ya mbao ilishuka upande mmoja, ikapita chini, ikapanda upande wa pili bila kukatika popote. Hiyo ndiyo dalili niliyokuwa naitafuta. Kwenye kile cha mwezi mwandamo hali ilikuwa mchanganyiko. Baada ya kukwangua puti kidogo na kutazama kwa kioo cha kukuzia, upande wa ndani nyuzi zilikuwa zimeinama tu, lakini upande wa nje, ukingo wa chuma ulipotua, palikuwa na mstari mwembamba ambapo zimekatwa kabisa.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kazi yote. Mbao ni fungu la mirija myembamba iliyolala upande mmoja. Kitu kizito kisicho na makali kikiiangukia, kuta za mirija hujikunja na uwazi wa ndani hufinyika, lakini hakuna kilichotoka. Maji na joto vikiingia pamoja hulainisha lignini na hemiselulosi, vitu vinavyozipa kuta hizo ugumu, na kuta zikilainika hurudi karibu na umbo lake la kwanza. Maseremala wa Kijapani huitumia tabia hiyo kwa makusudi: huugonga ulimi wa kiungo kwa nyundo hadi ubanike, huuingiza tunduni ukiwa mwembamba, kisha unyevu huuvimbisha ndani humo na kiungo kikakaza. Nyuzi zilizokatwa hazina bahati hiyo. Zilizonyofoka ndiyo kabisa, hakuna cha kurudisha.

Ugumu wa mbao nao una neno. Kipimo cha Janka, kinachotumika duniani kote kulinganisha mbao, huangalia nguvu inayohitajika kuzamisha mpira wa chuma wenye kipenyo cha milimita 11.28 hadi nusu yake. Mpingo hutaka nguvu zaidi ya mara tatu ya ile inayotosha kwa mkangazi. Ndiyo maana sufuria iliyoacha alama hapa ingeangukia mpingo ingeacha mchubuko tu. Lakini mbao iliyo laini kiasi hubonyea kwa urahisi na hupanda kwa urahisi pia, kwa hiyo mkangazi ulikuwa upande wangu.

Swali la pili lilikuwa kilichopakwa juu. Watu wengi huita kila kinachong'aa vanishi, na mwenye meza naye aliita hivyo. Nilifuta kwanza kwa tapentaini, ambayo huondoa nta na mafuta bila kuyeyusha kilichokauka chini yake. Kisha, sehemu ya ndani ya mguu ambako hakuna anayetazama, nilidondosha tone la spiriti na kungoja dakika moja. Palilainika na kunata kidoleni. Hiyo ni shelaki. Kama spiriti isingefanya kitu, ningejaribu thina, kiyeyusho cha laka. Kama nayo isingefanya kitu, ningejua nina vanishi ya mafuta au polyurethane, na mpango ungebadilika.

Shelaki ni utomvu wa mdudu anayeishi juu ya miti, huyeyuka katika spiriti, na hata baada ya miaka mingi shelaki mpya huyeyuka ndani ya ile ya zamani zikawa utando mmoja. Kwa fundi wa kukarabati hakuna habari njema kuliko hiyo, maana unaweza kutengeneza kipande bila kuvua meza nzima. Kwa upande mwingine, shelaki haipendi maji wala moto, na mimi nilikuwa naelekea kuleta vyote viwili. Ile vanishi ya kopo ingepigwa juu yake moja kwa moja, bila kusafisha nta na polishi za kupuliza zilizolimbikana, ingejikusanya vidimbwi vidimbwi. Silikoni iliyomo kwenye baadhi ya polishi hizo huisukuma vanishi mpya pembeni na kuacha mashimo madogo ya mviringo.

Mpangilio wa kazi

Nisingeanza na msasa kwa vyovyote vile. Ukipiga msasa ili kusawazisha uso unaozunguka kibonyeo, unateremsha mbao nzima. Kisha ukileta mvuke, nyuzi zilizobanwa hupanda hadi kimo chake cha zamani, ambacho sasa kiko juu ya uso mpya, na badala ya shimo unapata kinundu. Wachongaji wengine hufanya hivyo kwa kupenda kwao ili kupata vitone vilivyoinuka, lakini juu ya meza ya kuandikia hakuna anayevitaka.

Kwa hiyo: puti itoke, mvuke, asidi kwenye mistari myeusi, kungoja, kiraka cha kona, kusawazisha, rangi, shelaki. Kiraka kilikaa nyuma ya mvuke na asidi kwa sababu gundi ya ngozi niliyokusudia kuitumia, ile inayochemshwa kutokana na ngozi za wanyama, hulainika kwa maji na joto. Rangi ilikaa nyuma ya msasa kwa sababu msasa ungeiondoa.

Kutoa puti kulichosha kuliko kupandisha vibonyeo. Niliichokoa kwa ncha ya patasi nyembamba na sindano, nikifuata nyuzi. Sikutumia kemikali ya kuilainisha kwa kuwa ingeyeyusha shelaki ya pembeni na kusukuma uchafu wa puti ndani zaidi. Ilibaki kidogo kwenye vitundu vya mbao, nikaiondoa kwa brashi ngumu ya mswaki wa zamani. Puti isipotoka yote, maji hayaingii, na pale yasipoingia hapapandi kitu.

Mvuke

Utando wa shelaki ulio mzima ni ukuta mbele ya maji. Ndani ya vibonyeo tu, bila kuvuka ukingo, niliuondoa kwa pamba iliyozungushiwa kijiti na kuloweshwa spiriti. Penye vanishi ngumu isiyoyeyuka, njia ni kutoboa vitundu vidogo kwa sindano ili maji yapate pa kupita. Kisha nikaiweka chupa ya spiriti mbali na kungoja hadi harufu iishe. Spiriti na pasi ya moto havikai meza moja.

Nilidondosha maji masafi ndani ya kibonyeo kikubwa hadi yakajaa, nikayaacha yanywewe, nikaongeza. Maji peke yake yaliinua mbao kiasi cha kuonekana kwa macho, kabla ya moto wowote. Hatua hii wengi huiruka, na inagharimu subira tu. Kuna vibonyeo vifupi vinavyomalizika hapo hapo.

Kitambaa kilikuwa cha pamba, cheupe, kilichofuliwa mara nyingi. Cha rangi kingeweza kuchuja rangi yake ndani ya mbao. Kilikunjwa hadi kikawa kidogo kama kibonyeo chenyewe, kikaloweshwa na kukamuliwa, kiwe chepechepe bila kutiririka. Pasi ya kawaida ya nguo iliwekwa kwenye moto wa pamba, ikazimwa mvuke wake, na nikatumia ncha yake peke yake. Iligusa kitambaa, ikaita "chsss", nikahesabu hadi nne nikainua. Ukichungulia hapo unaona mbao imekuwa nyeusi kwa maji, mvuke bado unafuka kwenye vitundu, na ule mduara uliokuwa na kivuli umekuwa mwepesi. Kitambaa kikarudishwa majini, kikakamuliwa tena, pasi ikarudi.

Mguso wa kwanza na wa pili ndiyo huinua sehemu kubwa. Baada ya hapo kila mguso huongeza kidogo kuliko uliotangulia, na hapo ndipo mtu hushawishika kuongeza moto au kukandamiza. Kukandamiza pasi ni kurudisha ulichokipandisha. Kuongeza muda ni kukausha kitambaa, na kitambaa kikavu chini ya pasi huunguza mbao. Kanuni yangu ni kwamba miguso miwili mfululizo isipoleta mabadiliko, kazi ya mvuke imekwisha. Kwa vibonyeo vidogo sana, vya upana wa milimita chache, ncha ya chuma cha kulehemu juu ya kitambaa chepechepe hufanya kazi safi kuliko pasi, maana haisambazi joto.

Kibonyeo kikubwa kilipanda chote, na mwishoni kikawa juu ya uso kidogo sana kwa sababu ya kuvimba. Cha mwezi mwandamo kilipanda upande wa ndani. Upande wa nje ukabaki mstari, kama nilivyotarajia. Shelaki iliyovizunguka ilififia na kuwa na ukungu mweupe. Mwenye meza aliuona akashtuka. Huo ni unyevu ulionaswa ndani ya utando, na dawa yake ilikuwa bado mbele.

Mistari myeusi ya cheni ilikuwa jambo jingine. Chuma kikikutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao, penye maji, huzaa rangi ya kijivu hadi nyeusi ambayo msasa hauiondoi bila kuchimba. Niliyeyusha asidi ya oksaliki katika maji ya moto, nikaipaka kwa brashi nyembamba juu ya mistari peke yake, nikangoja, nikaifuta kwa maji safi mara kadhaa hadi nikaridhika. Ni sumu, kwa hiyo glavu na miwani si hiari. Tena isiposuuzwa vizuri hubaki kama chembe za unga kwenye mbao, na ukipiga msasa vumbi lake hukereketa pua na koo vibaya. Mistari ilififia hadi ikabaki kivuli. Somo dogo la pembeni: kila maji yanapohusika, sufi ya chuma ikae mbali, maana chembe zake zikivunjikia kwenye vitundu zitaleta doa lile lile.

Kungoja

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Mbao iliyotoka kwenye mvuke imevimba, na kile kinundu kidogo kinakuita ukisawazishe kwa msasa mara moja. Ukikisawazisha kikiwa na maji, kikikauka kinasinyaa na kushuka chini ya uso. Hapo umetengeneza kibonyeo ambacho hakipandi tena kwa mvuke wowote, maana safari hii mbao imeondoka kweli, imeondoka na msasa.

Samani ya ndani ya nyumba kwa kawaida huwa na unyevu wa kati ya asilimia 6 na 12 ya uzito wake mkavu, kutegemea hewa ya mahali. Sehemu iliyopigwa mvuke huwa juu sana ya hapo. Mwenye kipima unyevu akitumie. Asiye nacho aguse kwa mgongo wa mkono au shavu: mbao yenye maji huhisika baridi kuliko jirani yake, kwa sababu maji yanapotoka huchukua joto. Niliiacha meza penye hewa inayopita, mbali na jua na mbali na feni, hadi sehemu zote zikahisika sawa. Kukausha kwa haraka huleta nyufa ndogo.

Kona

Kiraka ni kazi ninayoipenda, na nitairefusha kidogo.

Gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao ni dawa ya haraka inayosifiwa mno. Ikikauka huwa nyeusi kuliko mbao, gundi iliyomo hukataa rangi, na konani, panapogongwa kila siku, hubanduka. Epoksi ni imara zaidi lakini nayo hainywi rangi. Kona ya mkangazi inayoonekana hutaka mkangazi.

Wapo wanaochonga kiraka kutoka sehemu iliyofichika ya samani yenyewe ili kupata mbao ile ile. Sipendi kuvunja kizima ili kuponya kilichovunjika kama kuna kipande kingine kinachofaa. Nilikuwa na mabaki ya mkangazi wa zamani, na nilichagua kilicho cheupe kidogo kuliko meza. Kiraka cheupe unaweza kukitia rangi kikafuata jirani. Kiraka cheusi kuliko jirani kinakushinda.

Sehemu iliyonyofoka niliichonga kwa patasi iwe bapa na yenye mteremko, nikahakikisha mistari ya kukutania inakwenda pamoja na nyuzi au kwa mshazari, isikate nyuzi kwa pembe ya mraba. Mstari unaokatisha nyuzi moja kwa moja huonekana daima, hata rangi ikifanana kabisa.

Kisha kuna jambo ambalo mkangazi huwaadhibu nalo wasio na subira. Nyuzi zake hupinda kupokezana, tabaka moja likiegemea huku na jingine kule, na ndiyo maana uso wake una michirizi inayong'aa na kufifia ukizunguka meza. Kiraka kinaweza kulala katika mwelekeo sahihi wa nyuzi lakini kikiwa kimegeuzwa kichwa kwa miguu, na matokeo yake ni kwamba ukisimama upande huu kinafanana, ukihamia upande wa pili kinakuwa cheusi wakati meza imekuwa nyeupe. Kwa hiyo kabla ya gundi nililowesha kiraka na meza kwa tapentaini, ambayo huonyesha sura mbao itakayokuwa nayo ikishapakwa, nikazunguka meza. Kikageuzwa. Nikazunguka tena. Upande wa pili ulikuwa sahihi.

Gundi ya ngozi niliichagua kwa sababu inaweza kufunguliwa siku za mbele kwa joto na maji bila kuharibu mbao. Kiraka kilivutwa na utepe wa karatasi pande mbili, kikaachwa kimezidi uso kwa kama milimita moja. Kilipokauka nilikiteremsha kwa patasi na kikwangulio, nikielekeza makali kutoka nje kuingia ndani ili ukingo wake wa nje usinyofoke, na kumalizia kwa msasa namba 220 kisha 320 uliofungwa kwenye kibao. Msasa ulioshikwa kwa vidole tupu huchimba mbao laini na kuruka ngumu, ukaacha mawimbi ambayo mng'ao utayatangaza.

Mkwaruzo wa mbele

Mkwaruzo mmoja ulikuwa na sehemu tatu. Nilipoulowesha kwa tapentaini, sehemu kubwa ilipotea machoni. Hiyo ilikuwa imekwaruza utando tu, mbao chini yake nzima. Sehemu iliyobaki nyeupe ilikuwa imefika kwenye mbao, na katika hiyo palikuwa na vipande vichache ambapo ukucha ulinasa.

Ile ya utando nilipitisha pamba iliyofungwa kwa kitambaa, yenye spiriti kidogo sana, mara moja moja kwa mkono mwepesi, kingo za mikwaruzo zikayeyuka na kukutana. Spiriti ikizidi huvuta utando wote na kukwama.

Sehemu iliyofika kwenye mbao ilihitaji rangi, na hapa kuna mtego. Nyuzi zilizopasuka hunywa rangi kuliko nyuzi nzima, kwa hiyo ukipaka rangi moja kwa moja mkwaruzo hugeuka mstari mweusi. Nilifunga kwanza kwa shelaki nyepesi, kiasi cha gramu 120 kwa lita ya spiriti, kisha nikaongeza rangi ya unga inayoyeyuka kwa spiriti ndani ya shelaki ile ile na kuipaka kwa brashi ya nywele chache, safu baada ya safu, nikisimama kabla haijafika giza la jirani. Kila safu niliikagua kwa mwanga wa dirishani na kwa taa. Rangi mbili zinaweza kufanana mchana na kutengana usiku. Pale ukucha uliponasa, nilidondosha shelaki nzito, ikakauka na kushuka, nikadondosha tena, hadi ikalingana. Kiraka cha kona kilipata rangi kwa namna hiyo hiyo.

Ubavu wa vinia

Hapa nilifanya kidogo kwa makusudi. Vinia za siku hizi mara nyingi ni nyembamba kuliko milimita moja, na chini yake kuna gundi. Mvuke ungepandisha kibonyeo na kubandua vinia kwa pamoja. Pale ilipoinuka nilipenyeza gundi kwa kisu chembamba, nikaweka karatasi ya plastiki, kibao na klempu. Kile kibonyeo nilikigusa kwa chuma cha kulehemu mara chache tu. Kilipanda nusu, nikakiacha. Kiko karibu na sakafu, kivulini.

Uso wa juu ungekuwa MDF au chipubodi, sehemu yote ya mvuke ingefutwa. Huko hakuna mirija mirefu iliyolala pamoja, kuna nyuzi fupi au vipande vilivyoshindiliwa kwa gundi. Maji huzivimbisha ovyo na hazirudi. Hapo ndipo puti ya mama ingepata kazi ya halali, na rangi nzito juu yake.

Kufunga

Uso mzima ulisafishwa tena kwa tapentaini. Ule ukungu mweupe kuzunguka vibonyeo uliondoka kwa pamba yenye dalili tu ya spiriti, ikipitishwa kwa haraka. Utando hufunguka kidogo na unyevu ukapata njia ya kutoka. Sehemu zilizovuliwa nilizijenga kwa shelaki nyepesi, nikasawazisha kwa msasa namba 400 wenye tone la mafuta, kisha nikapitisha shelaki nyembamba sana juu ya uso wote kutoka ukingo hadi ukingo. Hatua hiyo ya mwisho haikuwa ya lazima kwa ajili ya ulinzi. Niliifanya kwa ajili ya mng'ao. Jicho husamehe rangi iliyopishana kidogo, lakini kipande kinachong'aa katikati ya uso uliofifia hulivuta toka mlangoni.

Ulibaki mstari wa mwezi mwandamo, nyuzi zilizokatwa na sufuria. Niliujaza kwa nta ngumu yenye rangi mbili zilizochanganywa, nikachora vitundu viwili vitatu kwa sindano ili usionekane laini kupita kiasi. Nta si imara kama mbao, ila inatoka kwa kukwanguliwa ikihitajika, na penye mstari wa upana ule sikuona haja ya kuchonga kiraka kinachokata mbao nzima.

"Kwa hiyo puti yangu haikufaa hata kidogo?" mama aliuliza alipokuja kuichukua.

Nilimwonyesha mstari kwa taa ya ubavuni, maana bila taa hakuuona, nikamweleza kwamba pale tu ndipo kijazio kilipohitajika, na kwamba kilikuja mwisho badala ya mwanzo. Kisha nikampa masharti: kikombe cha moto kisiwekwe bila mkeka, marashi na chochote chenye spiriti vikimwagika vifutwe papo hapo, polishi ya kupuliza yenye silikoni isiguse meza hii tena, vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu. Shelaki mpya iachwe wiki kadhaa kabla ya kupakwa nta. Mkangazi hukolea rangi unapopata mwanga, na kiraka cha kona, kikiwa kimetoka tu kuchongwa, kitakolea haraka kuliko meza. Ndiyo maana nilikiacha hafifu kidogo kuliko jirani yake, na nikamwomba asipange vitu juu ya kona hiyo kwa miezi ya mwanzo.